Dawa Inayolitaja Jeraha

Elimu ya kompyuta imewaletea wanadamu, pamoja na manufaa yasiyokanushika, suala moja la maadili ambalo wazee wetu hawakukutana nalo kwa sura hii, nalo ni hili: mtu akigundua ufa katika programu inayotumiwa na mamilioni ya watu, akatengeneza kiraka cha kuuziba, je, ni halali yake kukitangaza kiraka hicho mbele ya walimwengu wote, ilhali anajua kwa yakini kwamba miongoni mwa watakaokipokea wamo wezi, na kwamba mwizi mwenye akili akikisoma hutambua mahali ulipo ufa? Kiraka cha programu ni mistari ya maandishi inayoondolewa, na mistari mingine inayotiwa badala yake. Mwenye kuilinganisha programu ya jana na ya leo huona bayana mahali fundi alipogusa, akajua kwamba hapo ndipo palipovuja. Wadukuzi hodari huimaliza kazi hiyo kwa saa chache. Dawa hii, basi, ina tabia ya ajabu: humponya aliyeinywa, na siku hiyohiyo humwonyesha adui mahali pa kumchoma yule ambaye bado hajainywa.

Nalitazama suala hili kutoka Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na ambao sensa ya mwaka 2022 ilikuta ndani yake watu zaidi ya milioni mbili. Wengi wanaujua kwa pamba, kwa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, wala hawaufikirii yanapotajwa mambo ya usalama wa mitandao. Lakini mkulima aliyepeleka pamba yake AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huenda akalipwa kwa simu. Mama wa Itilima humtumia mwanawe ada kwa wakala. Anayedaiwa na serikali hupewa namba ya malipo na mfumo wa GePG. Na mgonjwa anayefika hospitali hukuta jina lake na maradhi yake vimeandikwa katika kompyuta. Amana zote hizi zimewekwa nyuma ya milango ambayo mafundi wake hawaijui njia ya Lagangabilili kule Itilima, na mlango mmoja ukiwa na ufa huko ulikotengenezwa, una ufa hapa pia, saa ileile.

Desturi ya kupeana viraka hadharani ina umri wa takriban miaka arobaini. Mwaka 1985 Larry Wall, Mmarekani, alitoa programu ndogo iitwayo patch, ambayo kazi yake ni kuyachukua mabadiliko aliyoyaandika fundi mmoja na kuyatia mahali pake katika programu ya fundi mwingine aliye mbali; tangu hapo watu wasiojuana kwa sura wala kwa kabila wakaweza kutengenezeana kazi zao kupitia mitandao. Haikupita miaka mingi desturi hiyo ikajaribiwa kwa moto. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia katika intaneti changa ya siku zile programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hata mashine, ikazilemea kompyuta zilizokadiriwa kufika 6,000. Mafundi wa Berkeley, California, walikesha wakiichambua, na asubuhi ya tarehe 3 walianza kutuma viraka kwa kila aliyeweza kupokea, bila ya kuuliza mpokeaji ni nani. Rafiki wa Morris, Andrew Sudduth, alikuwa naye ametuma usiku uleule, bila ya kutaja jina, maelezo mafupi ya jinsi ya kuizuia. Lakini mtandao ulikuwa umelemewa, na wengi walikuwa wamejitenga nao kwa hofu, hata maelezo yale yakakwama njiani na kuwafikia watu baada ya haja kupita. Mwezi huohuo kiliundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha CERT cha kupokea na kueneza habari za nyufa, na kwa mfano wake nchi nyingi ziliunda vyao, hata kwetu ikawapo TZ-CERT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Habari ya Sudduth husahauliwa na wengi wanaouhadithia mkasa ule, kwa kuwa haikubadilisha matokeo yake. Lakini mimi naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote, na nitairudia.

Katika ardhi ya Wasukuma, ambamo Simiyu imo, kabla kompyuta haijatufikia, palikuwapo njia mbili za kukabili hatari, na kila moja ina jibu lake kwa suala letu. Ya kwanza ni ile ya Bayeye, chama cha watu wa nyoka, ambacho Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, alichapisha maelezo yake mwaka 1946. Bayeye walijua kuwakamata nyoka, kucheza nao, na kumtibu aliyeumwa. Lakini elimu ya dawa zao ilikuwa mali ya waliolipa na kuingizwa chamani, na asiyekuwa mmoja wao alitibiwa pasi na kujua alichotibiwa nacho. Mtu wa leo asikimbilie kuwalaumu. Dawa ya sumu, katika mikono ya asiyeijua kadiri yake, ni sumu ya pili; na elimu inayompa mwenyewe riziki na heshima huhifadhiwa, hurithishwa, haitupwi njiani ikapotea. Siri, kwa waganga wale, ilikuwa chombo cha kuitunzia elimu.

Njia ya pili ni yowe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki kuzagaa, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walijiundia Sungusungu, jeshi la mishale na adabu, ambalo serikali ililitazama kwanza kwa shaka, kisha ikalikubali na kulitambua kwa sheria. Na Bariadi, iliyokuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, haikubaki nyuma. Nguvu ya Sungusungu ilikuwa katika yowe zaidi kuliko katika upinde. Aliyeona hatari alipiga yowe, aliyelisikia alilipokea na kulipeleka mbele, kijiji kwa kijiji, na mwenye nguvu aliyebaki kitandani baada ya kulisikia alitozwa faini. Mwizi naye alilisikia yowe, akajua kwamba ameonekana, na pengine akajua upande wa kukimbilia. Walakini hakuna mzee aliyesema kwamba kwa sababu hiyo watu wanong'one.

Kwa mtazamo wa kwanza ingeonekana kwamba programu inafaa kutunzwa kwa siri kuliko hata dawa ya nyoka, kwa maana nyoka hasikii maagano ya waganga, ilhali mdukuzi husoma kila lichapishwalo. Hoja hiyo ina nguvu, na mafundi wenye insafu wameipa haki yake kwa kuweka kati ya siri na yowe muda maalumu: agunduaye ufa humwambia kwanza mwenye programu faraghani, humpa muda wa kushona kiraka, ambao kwa baadhi yao, kama kikosi cha Project Zero cha Google, ni siku 90, na muda ukiisha habari hutangazwa. Naiona kuwa ni desturi ya hekima. Siri yenye muda hulinda. Isiyo na muda huoza, kwa sababu ufa haumngojei aliyeuona kwanza ili uonwe na wa pili. Shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, liliujua ufa katika mfumo wa Windows, likautengenezea silaha iitwayo EternalBlue, likaificha kwa miaka ili liitumie lenyewe. Kisha silaha hiyo ikaibwa, na tarehe 14 Aprili 2017 ikamwagwa hadharani kwa kila mwenye nia mbaya. Ikiwa dola yenye mali na walinzi wengi kiasi kile imeshindwa kuizuia siri ya ufa isitoroke, ni nani atakayeahidi kuizuia?

Kuhusu siri, basi, nasema pasi na kusitasita: elimu ya kuzuia madhara ya halaiki ni amana, na mwenye kuificha kwa tamaa au kwa uvivu ameifanyia hiana, awe amejifunza imani yake msikitini au kanisani. Lakini wengi wanaosema hivyo huishia hapo, wakadhani kwamba akishatangaza, mtangazaji amekwisha kutua mzigo. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Microsoft ilikuwa imekitoa kiraka cha ufa ule tarehe 14 Machi 2017, mwezi mzima kabla ya silaha kumwagwa. Tarehe 12 Mei, siku 59 baada ya kiraka, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika ufa huohuo, kikafunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, na katika hospitali za umma za Uingereza wagonjwa walirudishwa nyumbani, miadi yao ikiwa imefutwa kwa maelfu. Dawa ilikuwapo, tena ya bure, imewekwa mahali pa wazi. Na kuna lililo zito zaidi. Kompyuta za zamani zilizokuwa zikitumia Windows XP hazikuwamo katika tangazo la Machi. Marekebisho yao walipewa wale tu waliolipia mkataba maalumu, na umma ulifunguliwa kiraka hicho baadaye, moto ukiwa umekwisha kuwaka. Ule uganga wa kulipia uliokuwa na udhuru wake katika vijiji vya Usukuma ulionekana tena, katika nchi zenye utajiri, kwa udhuru ulio haba zaidi.

Mafakihi wa Kiislamu hugawanya wajibu sehemu mbili: fardhi kifaya, ambayo akiitimiza mmoja huwaondolea wengine mzigo, kama kumzika maiti, na fardhi aini, ambayo kila mtu huitimiza kwa nafsi yake, kama sala, wala hawezi kutimiziwa na jirani. Mgawanyo huo unalieleza jambo letu vizuri ajabu. Kuugundua ufa na kushona kiraka ni kifaya: akifanya fundi mmoja wa Berkeley, dunia nzima imefanyiwa. Kukitia kiraka katika mashine ni aini: kila simu na kila kompyuta hutiwa chake, na hakuna anayepona kwa dawa aliyoinywa mwenziwe. Lakini mafakihi haohao husema kwamba taklifu, yaani kutwikwa wajibu, haiwi ila kwa mwenye uwezo; maskini halaumiwi kwa kutohiji. Ni nani, basi, mwenye uwezo wa kutimiza aini hii katika Simiyu?

Mtazame mtu wa Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, aliyenunua simu janja iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Tangu Agosti 2015 Google hutoa kwa utaratibu viraka vya usalama vya simu za Android, na huchapisha habari za nyufa vinazoziba. Lakini kwa kawaida kiraka hicho hakimfikii mtu moja kwa moja, hupitia kwa mtengenezaji wa simu, naye kwa simu za bei nafuu aghalabu huchoka mapema, akaiacha simu ingali nzima na inapiga. Mwenye simu haambiwi kitu. Mwizi ameambiwa, kwa kuwa orodha ya nyufa ni ya wote. Na hata simu ambayo mtengenezaji hajaitupa, masasisho yake huja na uzito wa megabaiti mamia, na mtu anayenunua bando la siku moja anayaahirisha kwa hesabu, kwa kuwa megabaiti zilezile ndizo atakazoulizia bei ya dengu na kupokelea picha ya mjukuu. Tangazo nalo limeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Njia yenyewe ya dawa ni nyembamba: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na kwa siku kadhaa intaneti ya Tanzania ikawa ya kubahatisha.

Hapa ndipo habari ya Sudduth inaporudi. Dawa iliyotumwa kwa nia njema, ikakwama njiani, haikumponya mtu. Na katika zama zetu ni mbaya kuliko kutotumwa, kwa kuwa ile ya 1988 haikumfundisha mwizi, na ya leo humfundisha. Siku kiraka kinapotangazwa, aliye na mtandao wa haraka hupanda daraja moja la usalama, na yule wa Meatu hushuka daraja moja, pasi na kugusa simu yake. Tendo moja jema limewatenga watu wawili. Je, fundi atahesabiwa kwa aliyeshuka? Dhambi ya wizi ni ya mwizi, wala simtwiki fundi ambaye nia yake ilikuwa kuokoa. Walakini mwenye uwezo wa kuifikisha dawa, akaridhika kuiweka mezani na kuondoka, ana fungu lake katika madhara. Na kadiri uwezo wake unavyokuwa mkubwa, ndivyo fungu hilo linavyokuwa kubwa. Yowe la Sungusungu halikuhesabiwa kuwa limepigwa kwa sababu mtu alifungua kinywa. Lilihesabiwa kwa kupokelewa hata kijiji cha mwisho.

Watu wa Simiyu, kama watu wa kila mahali penye bando ghali, wamejitafutia njia ya kupokezana: programu hupita kwa flashi katika maduka ya stesheneri, au kutoka simu hadi simu bila ya kugusa mtandao. Wataalamu wengi huikemea desturi hii kwa ukali, na mimi nadhani wanakosea nusu. Aliyekataza watu kupokezana hajawapa njia nyingine. Lililo la haki ni kuwafundisha kuitambua dawa ya kweli, na elimu hiyo ina asili ya kale katika dini. Wanazuoni wa hadithi, tangu kabla ya Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakuridhika na maneno mazuri peke yake. Waliuliza kila neno limetoka kwa nani, naye alilisikia kwa nani, mpaka mnyororo ufike chanzoni, na mnyororo ukikatika neno liliwekwa kando. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la ufunguo wa hadhara, lililozaa saini ya kidijitali: mwenye programu huipiga muhuri kwa ufunguo anaoujua yeye tu, na kila mtu huweza kuukagua muhuri huo kwa ufunguo mwingine uliotangazwa. Mchukuzi akawa hana haja tena ya kuwa mwadilifu, kwa kuwa hawezi kubadilisha herufi moja bila ya muhuri kuvunjika. Simu za Android zinafanya hivyo kimyakimya. Ukiletewa kwa flashi sasisho la programu uliyo nayo, na muhuri wake si wa fundi wa kwanza, simu hukataa kuliweka juu ya lile la zamani. Lakini programu inayoingia kwa mara ya kwanza haina wa kufananishwa naye, na hapo ndipo wengi wanapoangamia. Kwa hiyo ile ya kwanza na itafutwe kwenye chanzo chake hata ikigharimu bando, na yale yanayoifuata yaweza kuja kwa mkono wa jirani.

Wanazuoni wale waliuliza pia juu ya tabia ya msimulizi, kwani mnyororo waweza kuwa mzima na mwenye kusema akawa mwongo. Tarehe 27 Juni 2017 sumu iitwayo NotPetya iliingia Ukraina ndani ya sasisho la programu ya uhasibu, kupitia mlango halali wa mtengenezaji mwenyewe aliyekwisha kuvamiwa. Na Machi 2024 Andres Freund, mhandisi, alishangaa kuona kuingia kwake katika mashine kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mtu aliyejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili katika mradi wa programu ya wazi iitwayo xz ameficha humo mlango wa siri. Mwongo huyo alikuwa na muhuri sahihi. Kilichomfedhehesha ni kwamba maandishi yalikuwa wazi, na mtu mmoja asiyetumwa na yeyote aliweza kuyasoma. Hii ni hoja ya uwazi iliyo na nguvu kuliko zote ninazozijua.

Kuna pia suala la kijana wa kwetu. Simiyu ina vijana wanaosoma kompyuta, na siku moja mmoja wao ataona ufa katika mfumo fulani. Atamwambia nani? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huadhibu kuingia katika mfumo bila ya haki, na ni vyema iadhibu. Lakini kijana mwema akiisoma peke yake huona kwamba salama yake iko katika kunyamaza, na ufa unabaki ukimngoja asiyeogopa sheria. Mpiga yowe wa kijijini hakuulizwa kwanza alikuwa akifanya nini nje usiku. Taasisi zenye mifumo ya watu na zitamke kwa maandishi kwamba atakayeleta habari ya ufa kwa nia njema, bila ya kuiba wala kuharibu, atapokelewa kwa shukrani.

Ama kuhusu simu ya Mwanhuzi, uwezo upo, na wenye uwezo wanajulikana. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, kazi yake ni kusaidia minara ifike mahali ambapo biashara peke yake isingefika; mnara umefika, na kiraka nacho ni mawasiliano. Masasisho ya usalama yasikatwe katika bando. Makampuni ya simu yatasema kwamba megabaiti zina gharama, nayo yanasema kweli. Lakini gharama hiyo tayari inalipwa, na mlipaji ni mkulima ambaye fedha yake ya pamba imehamishwa kabla hajaiona. AMCOS, ambapo katika msimu wa kununua pamba watu wa kijiji kizima hupita, ni mahali pa kufaa pa kuweka mashine moja yenye viraka vilivyokaguliwa muhuri, ili kila mwenye simu apokee bila ya kulipa. Na muuzaji wa simu alazimishwe kuandika juu ya boksi siku ambayo masasisho ya usalama yatakoma, kama dawa ya dukani inavyoandikwa siku yake ya mwisho. Uingereza imewalazimisha watengenezaji kutangaza muda huo tangu tarehe 29 Aprili 2024, na vifaa vingi vinavyouzwa huko vinatoka katika viwanda vya bara lilelile linalotuletea vyetu. Tarehe wanayoweza kumwambia mnunuzi wa London, wanaweza kumwambia na mnunuzi wa Bariadi.